Mfereji Si Mpaka

Mama yangu hajahama tangu siku aliyoletwa na baba kwenye mteremko wa Meru, lakini serikali imemhamisha mara kadhaa. Mkoa wetu ulipomegwa ili Manyara ipate kuwa mkoa, yeye alikuwa akipalilia kahawa ile ile. Halmashauri ya Arumeru ilipokatwa kuwa mbili, yeye na jamaa zake wa magharibi ya mlima wakawa watu wa halmashauri tofauti bila yeyote kati yao kufunga mzigo. Kata nayo ikazaa kata. Kila mara habari zilimfikia kwa njia moja: fundi alikuja kubadilisha maandishi kwenye kibao cha njia panda, au karani wa kliniki alimweleza kwa upole kwamba jina alilolitaja si la mahali anapokaa siku hizi. Hakulalamika. Alikuwa akisema, "Wagawe tu, alimradi wasinigawe mimi."

Nami ni mwalimu wa uraia katika shule ya sekondari mjini Arusha. Ngazi hii nimeipanda na kuishuka ubaoni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu: mkoa hugawanywa katika wilaya, wilaya katika tarafa, tarafa katika kata, kata katika vijiji, na kijiji katika vitongoji; kwa watu wa mjini, kata hugawanywa katika mitaa. Wanafunzi huikariri kama wimbo wa kuruka kamba. Siidharau. Niliwahi kupanga chumba Daraja Mbili, sasa ninaishi Sekei, na katika sehemu zote mbili ofisi ya mtaa imenifaa nilipohitaji mtu wa kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Naamini kwamba mnyonge anapaswa kuwa na mlango wa serikali anaoweza kuufikia kwa miguu. Kwa hiyo yasemwe mapema: sina ugomvi na mipaka.

Wameru pia hawana ugomvi nayo. Mpaka wa kihamba na kihamba, yaani kati ya shamba la ukoo huu na la ukoo ule, tunaujua vizuri kuliko tunavyozijua sura zetu. Hupandwa kwa masale, ile mimea ya majani marefu isiyokufa hata ukiikata, na hupandwa majirani wote wawili wakiwapo, pamoja na mzee wa tatu wa kushuhudia. Atakayeng'oa sale usiku atasemwa mpaka kwa wajukuu. Lakini katika maisha yangu yote sijaona mtu akipanda sale katikati ya maji.

Nasema maji kwa sababu nyumbani kwetu mfereji unapita katikati ya boma. Unatoka kwenye banio huko juu, mahali kijito kinapozibwa kwa mawe na magogo ili kiingie mkondo uliochimbwa na watu, kisha unakata mteremko kwa kupinda, unapita chini ya dirisha la mama, unavuka boma lote na kushuka kwenye mashamba ya bondeni. Baba alijenga nyumba ya kulala upande wa juu ili mvua za masika zisiitie maji ndani. Jiko na banda la ng'ombe akaviweka upande wa chini, maji yawe karibu na sufuria na karibu na mnyama. Pa kuvukia ni gogo la mgrivea, lililosuguliwa na nyayo likang'aa. Mama hulivuka mara nyingi kwa siku, akiwa na kuni, maziwa au mjukuu, naye hatazami chini.

Mfereji una sheria zake, na hazikuandikwa na wilaya. Kabla ya kiangazi hutangazwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuusafisha, na kila nyumba inayokunywa hutoa mtu mwenye jembe, wa juu na wa bondeni pamoja, kuanzia kwenye banio hadi shamba la mwisho. Asiyetokea hutozwa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Walutheri wenye msimamo huruhusiwa kulipa kwa chai na maandazi, na chai yao hunywewa kwa manung'uniko. Kisha zamu za maji hupangwa, na mwaka wa ukame zamu huanzia mkiani, kwa yule aliye mbali zaidi. Sababu yake ni nyepesi: ukianza na wa juu, wa chini hatafikiwa kamwe, na wote wawili wanajua hivyo.

Basi ikasemwa kwamba kitongoji chetu kimekuwa kikubwa mno kwa mwenyekiti mmoja na kitagawanywa viwili. Habari hiyo ilinifikia Sekei kwa simu ya mama. Hapakuwa na ubaya ndani yake mpaka alipofika kwenye mpaka.

"Wamesema mstari utafuata mfereji," alisema.

"Mfereji upi?"

"Tuna mingapi?"

Nilielewa papo hapo jinsi jambo hilo lilivyotokea. Anayetazama ramani akiwa ofisini huona mstari wa maji na kufurahi, kwa kuwa mito hugawa nchi tangu zamani na haihitaji mtu wa kupanda kitu. Lakini mto ulijichimba wenyewe. Mfereji ulichimbwa na watu wa pande zote mbili ili wawe kitu kimoja. Mstari ule ungepita, banio lingekuwa mali ya kitongoji cha juu, chini ya kamati ya juu, na bondeni wangebaki na kamati ya kusimamia tope. Kahawa ya mama, migomba yake na ng'ombe wake vyote viko chini ya mfereji. Yeye mwenyewe analala juu. Safari hii walimgawa yeye.

Nilipanda nyumbani siku ile ya Ijumaa. Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa umeitishwa kesho yake. Njiani, kwenye kona ya mwisho kabla ya boma letu, nilimkuta baba mdogo. Si ndugu wa tumbo moja na marehemu baba. Ni wa ukoo, mstaafu wa serikali, nyumba yake iko upande wa juu, na shamba lake ndilo la kwanza kutoka kwenye banio. Alikuwa akipogoa kahawa yake huku amevaa shati la kola.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kutufundisha?"

"Nimekuja kumwona mama."

"Mwone. Ila kesho usije ukanyoosha mkono. Mkutano ni wa wakazi, na wewe umeandikishwa Sekei kwenye lami."

"Nilizaliwa pale," nilimwambia, nikionyesha paa la nyumba yetu.

"Hata mimi nilizaliwa Nkoaranga hospitalini. Nikagombee uongozi wodini?" Alicheka, akakata tawi. "Kitongoji kipya kinataka mtu anayejua kazi za ofisi. Huduma zitasogea. Wewe si ndiye unayewafundisha watoto kwamba madaraka yashushwe kwa wananchi?"

"Ndiye. Na maji je, yatashuka pamoja na madaraka?"

Alinitazama juu ya miwani. "Maji yatasimamiwa," alisema, na neno hilo ndilo lililonipandisha hasira mpaka nikafika nyumbani nikiwa nimesahau mkate niliokuwa nimemnunulia mama, umebanwa kwapani hadi umekuwa bapa.

Alasiri ile jikoni kwa mama, upande wa chini, kulikuwa na wanawake watatu waliokuja kumsaidia kumenya ndizi, maana Jumapili kulikuwa na kipaimara cha mjukuu wa mmoja wao. Aliyekuwa akisema zaidi alikuwa jirani wa bondeni, mwenye shamba la mwisho kabisa kwenye mfereji, mjane kama mama, mdogo kwake kwa umri lakini mwenye sauti kubwa kuliko sisi sote. Niliwaeleza nilichokuwa nakijua: kwamba pendekezo lingepanda kutoka kijijini hadi kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri, kisha mkoani na kuendelea, kwamba kesho kila upande ungetakiwa kupendekeza msimamizi wa muda, kwamba wakikataa tu kwa kelele, itaandikwa kwamba wananchi hawakuelewa na mkutano utaitishwa upya.

"Tukisusia je?" jirani wa bondeni aliuliza.

"Watakaokuja ndio watakaoamua."

"Na shemeji yako wa juu atakuja amechana nywele," alimwambia mama.

Mama aliendelea kumenya. Maganda yalianguka kwenye beseni la ng'ombe. Hatimaye akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Huyo msimamizi, lazima awe nani?"

"Mkazi wa kitongoji chenyewe. Mtu mzima, mwenye akili timamu."

"Mkazi ni anayelala au anayekula?"

"Sheria ninayoifundisha inasema anayeishi."

"Mimi naishi wapi?"

Niliangalia nje, kwenye gogo. Nyumba ng'ambo, jiko huku.

"Juu wanaweza kumtaja mama," nilisema polepole. "Na chini wanaweza kumtaja mama."

"Kuna kanuni inayokataza?" jirani aliuliza.

"Sijawahi kuiona. Nadhani walioandika hawakufikiria kwamba kuna mtu mwenye boma la namna hii."

Jirani wa bondeni aliweka kisu chini. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka mama akamwambia aache kutia machozi kwenye ndizi za watu. Kabla jua halijaelekea nyuma ya mlima wanawake wale walikuwa wameshaondoka, mmoja kwenda juu na wawili kwenda chini, na ndizi nyingine zilibaki hazijamenywa. Nilizimaliza mimi. Mama alisema ninamenya kama mtu anayechonga penseli.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mtendaji wa kijiji, kijana mwenye adabu aliyetoka mkoa mwingine na asiyejua Kimeru, alikuwa amechora kitongoji ubaoni kwa chaki, na mfereji kwa chaki ya buluu. Aliwapanga watu: wa juu ya mfereji safu za kushoto, wa chini safu za kulia. Mimi nilisimama nje dirishani pamoja na wakwe wa watu na mama mmoja wa kuuza karanga, yaani wote tusio wakazi.

"Huyo dirishani ni wa kitongoji gani?" baba mdogo aliuliza kwa sauti, ingawa alinijua tangu nikiwa mgongoni.

"Wa Sekei," nilijibu.

"Basi abaki hewani."

"Hewa nayo ina kata?" nilimwuliza, watu wakacheka, na mtendaji akaomba utulivu. Sikuondoka dirishani. Niliweka viwiko vyangu ndani kabisa ya kizingiti, mahali ambapo, kwa kipimo chochote, vilikuwa mkutanoni.

Mama aliingia akiwa wa mwisho. Alisimama katikati, kwenye njia kati ya safu mbili, akakaa kwenye kigoda alichokuja nacho.

"Shikamoo, bibi," mtendaji alisema. "Karibu ukae upande wako."

"Marahaba, baba. Upande wangu ni upi?"

"Nyumba yako iko wapi?"

"Juu."

"Basi karibu kushoto."

"Na jiko langu liko chini. Na ng'ombe. Nikikaa kushoto ng'ombe wangu atakuwa mgeni wa nani?"

"Bibi, tunaandikisha watu, hatuandikishi ng'ombe."

"Sawa. Na mimi hula chini. Nikiugua nalala juu, nikipona napika chini. Nisaidie, baba. Mimi sijasoma uraia. Aliyesoma mmemweka dirishani."

Mtendaji alifuta chaki mikononi. Alimwambia abaki hapo katikati kwa muda, na mama akamshukuru kana kwamba amepewa kiti cha mbele kanisani.

Baba mdogo alizungumza vizuri. Sitamnyima haki hiyo. Alieleza kwamba mwenyekiti mmoja hawezi kusuluhisha kesi zote, kwamba kitongoji kidogo husikika, kwamba wenzetu wa vijiji vya jirani wameshagawanywa na wanapata mgawo wao. Mengi ya hayo ni kweli. Kuhusu maji hakutamka neno. Mtendaji akawageukia wa kushoto na kuomba jina la msimamizi wa muda. Mtu wa karibu na baba mdogo alimtaja yeye. Mwanamke mmoja, kati ya wale wa ndizi, alimtaja mama. Mikono ilinyooshwa, na mtendaji alipomaliza kuihesabu alionekana kama mtu aliyekosea hesabu, akarudia. Upande wa juu wenyewe, wenye banio, ulikuwa umemchagua mama. Nilikuwa nimewadhania uchoyo usio wao; kumbe wengi wa juu wameoa bondeni, au wana mashamba ya kukodi bondeni, au ni wachimbaji wa mfereji ule tangu wakiwa watoto na hawakutaka kuambiwa kwamba walichimba ukuta.

"Kulia," mtendaji alisema. "Jina."

Jirani wa bondeni alisimama. Dawati liliinuka naye kidogo. Akamtaja mama.

"Ameshachaguliwa kushoto."

"Sisi hatukuwapo kushoto. Sisi tuko kulia."

"Mama, mtu mmoja hawezi kuongoza vitongoji viwili."

"Basi viwe kimoja."

Darasa lililipuka kwa vicheko, na mikono ya kulia ilikuwa juu kabla hajaomba. Baba mdogo alisimama na kusema kwamba huu ni mzaha, kwamba watu wanaichezea serikali. Mama alimgeukia bila kunyanyuka kwenye kigoda.

"Shemeji, mwaka ule wa ukame mtoto wako alipokuwa na surua, zamu ilikuwa ya nani?"

Baba mdogo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Ilikuwa ya mkiani. Wa mkiani wakasema yafunguliwe juu kwanza, mtoto aogeshwe. Walisema hivyo kwa sababu walikuwa watu wa mfereji mmoja. Ukiwafanya watu wa kitongoji kingine, watakuambia leta barua."

Alisema hivyo kwa utulivu, na nusu yake kwa Kimeru, ambayo mtendaji alilazimika kutafsiriwa na mtu wa dawati la mbele. Baba mdogo alikaa. Sina hakika kwamba alishawishika, ila alikaa.

Mtendaji aliandika kilichotokea kama kilivyotokea, nami kwa hilo namheshimu. Angeweza kuandika kwamba mkutano uliahirishwa kwa sababu ya fujo. Alituma juu pendekezo lenye vitongoji viwili na msimamizi mmoja, na huko juu, kama nilivyotarajia, hakuna aliyejua pa kuliweka. Lilirudi na swali. Naye, badala ya kuitisha mkutano mwingine, alikuja kwa mama.

Nilikuwapo siku hiyo. Mama alimvusha kwenye gogo, akamketisha jikoni, akampa bakuli la loshoro lenye mtindi mwingi kuliko mahindi, na hakuongea kazi mpaka bakuli lilipokuwa tupu. Kijana alivua viatu vyake vyenye tope bila kuambiwa.

"Bibi," alisema, "watu ni wengi kweli. Mwenyekiti hafiki kote. Kugawa lazima tutagawa. Niambie tu mstari upite wapi."

"Sasa umeuliza," mama alisema, akachukua fimbo.

Alitupeleka mashariki, kupita kahawa za watu watatu, hadi kwenye korongo. Ni refu na lenye miiba, na masika haliachi mtu avuke. Ng'ambo, ingawa ni kitongoji kile kile, wana mfereji wao, banio lao na msaragambo wao. Tunazikana nao na kuoana nao, lakini hatujawahi kugombea maji nao wala kugawana. Mama alisimama ukingoni.

"Hapa," alisema. "Wale wenyewe watakushukuru. Kule kwangu ukirudi na chaki ya buluu, nitakaa katikati tena."

"Ukiwa bado na nguvu, bibi."

"Nikiwa sina, huyu atakaa." Alininyooshea fimbo mimi.

"Huyu ni wa Sekei," mtendaji alisema, na nilimwona akijitahidi asitabasamu.

"Atahama," mama alisema.

Hakuwa ameniuliza. Nilikuwa na nyumba mjini, wanafunzi, na mume ambaye hajui kushika jembe. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba ndiyo, ikibidi nitahama, na nikajua kuwa nimesema kweli.

Mpaka ulipita korongoni. Ng'ambo walipata kitongoji chao, wakamchagua mwenyekiti wao, na kwa haki kabisa wakachinja mbuzi. Kwetu kitongoji kilibaki kimoja na mwenyekiti wake wa zamani, ambaye mama humkosoa kila Jumapili baada ya ibada. Sasa yanasemwa mengine: kwamba sehemu hii itaingizwa katika mji mdogo, kwamba vitongoji vitafutwa na sisi tutakuwa na mitaa, kwamba mifereji ni mambo ya kizamani na mabomba yatakuja. Yakija mabomba tutayapokea. Lakini ngazi ile ninayoifundisha ubaoni ina pande mbili za kuiangalia, na mimi nimeacha kuianzia juu. Siku hizi huwauliza wanafunzi kwanza: nyumbani kwenu mnakunywa maji na nani? Halafu ndipo tunapopanda kwenda mkoani.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali, na zamu zilianzia mkiani. Nilipanda kwa msaragambo nikiwa na jembe langu, nikapewa sehemu ya kuchimba kando ya baba mdogo. Hakunikumbusha niliandikishwa wapi. Aliniambia tu kwamba nashika jembe juu mno, na nilipolishusha hakusema tena. Maji yalipofunguliwa, yalipita mbele ya shamba lake kavu bila kusimama, yakapita chini ya dirisha la mama na katikati ya boma letu, yakaendelea kushuka, na baadaye tulisikia sauti ya jirani wa bondeni ikituita kutoka mbali kwamba yamefika.